Shamba la Elizabeth na Hati Zake

Mwaka 1881, katika koloni la Kiingereza la New South Wales, yalitimia mauzo ya shamba lililokuwa kando ya mto Parramatta, mwendo wa maili kama 15 magharibi ya bandari ya Sydney. Muuzaji alikuwa bibi aitwaye Elizabeth Onslow, mjukuu wa mume na mke waliolianzisha shamba hilo miaka 88 kabla yake. Mnunuzi alikuwa Septimus Alfred Stephen, wakili, na mtoto wa Sir Alfred Stephen aliyekikalia kiti cha Jaji Mkuu wa koloni tangu 1844 hata 1873. Eneo lilizidi ekari 1,000, na bei ilikuwa pauni 50,000. Ndani ya mipaka hiyo ilisimama nyumba ya matofali isiyo na ghorofa, yenye paa lililoinama na baraza pana, ambayo leo ndiyo kongwe kuliko nyumba zote za Wazungu zilizobaki zimesimama katika bara la Australia. Shamba lilikuwa likiitwa Elizabeth Farm, kwa jina la bibi yake yule muuzaji.

Miaka ile mashamba ya mabwana yalikuwa yakiuzwa pia huko kwao Uingereza, lakini kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Nafaka ya Marekani ilikuwa imezijaza bandari za Uingereza na kuiporomosha bei ya ngano, kodi za wakulima zikawa hazilipiki, na aila nyingi zilizokuwa zimefungwa na wasia za mababu, zisiweze kuuza hata shubiri moja, zikafunguliwa mlango na sheria ya mwaka 1882, iliyomruhusu mwenye haki ya kukaa maisha yake katika milki aiuze milki hiyo na fedha zake ziwekwe mikononi mwa wadhamini. Huko waliuza kwa kuwa ardhi ilikuwa ikianguka thamani. Parramatta waliuza kwa kuwa ardhi ilikuwa ikipanda kila mwaka, na mji wa Sydney ulikuwa ukija mbio kuifuata. Lakini jambo lililonivuta mimi katika habari ya shamba hili si bei yake, ijapokuwa bei ilikuwa kubwa. Ni kwamba ukiifuata tarikhi yake kutoka hati moja hata nyingine, utaona watu walioijua ardhi ile kwa miguu yao na mikono yao hawakuwa ndio walioandikwa katika hati, na walioandikwa aghalabu walikuwa mbali.

Wa kwanza kati ya hao wasioandikwa ni Waburramattagal, kabila dogo miongoni mwa watu wa Darug, waliokaa pale mto unapobadilika, maji ya chumvi yanayopanda na kushuka yakikutana na maji matamu yatokayo bara. Mahali pa namna hiyo pana riziki ya pande mbili: mikunga na samaki mtoni, chaza na kombe katika matope, na kangaruu katika nyika zilizoko nyuma. Nyika hizo hazikuwa pori la kujiotea tu. Watu walizichoma moto kwa majira na kwa mpango, eneo hili mwaka huu na lile mwaka mwingine, ili nyasi changa zichipue na mnyama azifuate, na kwa kazi hiyo iliyorudiwa kizazi baada ya kizazi miti mikubwa ilisimama mbalimbali, na baina yake yakaenea majani laini. Wazungu walipoiona nchi hiyo walistaajabu. Bibi Elizabeth Macarthur, yule ambaye shamba liliitwa kwa jina lake, aliandika katika barua zake kwamba sehemu kubwa ya nchi ilishabihi bustani za mabwana wa Kiingereza, zile bustani kubwa zenye miti ya kivuli na malisho ya paa. Jicho lake halikukosea, maana kweli ilikuwa bustani. Ila watunzaji wake walikuwa hai, na hawakuulizwa.

Waingereza walitia nanga Sydney mwezi wa Januari 1788, na kabla mwaka haujaisha walikwisha panda mto na kufungua mashamba mahali walipopaita Rose Hill, ambapo ndipo Parramatta. Mwaka uliofuata ndui iliwaangukia wenyeji wa pwani ile, ikaua watu wengi mno hata baadhi ya koo zikabakiwa na watu wa kuhesabika. Hapakuwa na mapatano, hapakuwa na bei, hapakuwa na ubani wala mashahidi. Dola ya Kiingereza iliihesabu nchi yote kuwa mali ya mfalme wao tangu siku bendera ilipopandishwa, na kila ardhi iliyogawiwa baadaye iligawiwa kwa jina lake. Na asidhani mtu kwamba jambo hili lilikuwa la kusahaulika tu katika haraka ya mwanzo. Mwaka 1835 mfugaji John Batman alipokwenda upande wa kusini, mahali ulipo mji wa Melbourne, akafanya mapatano na wazee wa huko ili apewe ardhi kwa mablanketi, visu na unga, Gavana Richard Bourke alitangaza kutoka Sydney kwamba mapatano yale ni batili, kwa kuwa ardhi ni ya mfalme, na mtu hawezi kununua kwa yeyote mwingine. Kwa hiyo wenyeji walinyimwa ardhi, kisha wakanyimwa hata uwezo wa kuiuza.

Februari 1793 Luteni-Gavana Francis Grose alimpa ekari 100 za ardhi hiyo John Macarthur, afisa wa kikosi cha New South Wales, mtu hodari, mwenye tamaa, na mgomvi kupita kiasi. Mwaka ule ule, hatua chache kutoka hapo, yalifanyika mauzo mengine yanayostahili kukumbukwa. James Ruse, mfungwa aliyemaliza kifungo chake, na aliyekuwa mtu wa kwanza katika koloni kupewa ardhi kwa hati, alimwuzia daktari John Harris ekari zake 30 kwa pauni 40. Tukizilinganisha pauni 40 hizo na pauni 50,000 za mwaka 1881 tutaona bei ya ekari katika ujirani ule imekua zaidi ya mara 30 katika muda wa umri mmoja wa mtu. Na jina la yule daktari lingali katika kitongoji cha Harris Park, ambacho leo kimejaa maduka na mikahawa ya Wahindi.

Nyumba ya Macarthur ilijengwa kabla ya mwaka 1793 kwisha. Ilikuwa na urefu wa futi 68 na upana wa futi 18, vyumba vinne, ukumbi, na sela chini ya sakafu; jiko na nyumba za watumishi zilikuwa kando yake, kama desturi ya majumba makubwa katika nchi za joto. Chokaa ya koloni zama hizo ilipatikana kwa kuchoma makombe, kwa kuwa chokaa ya mawe haikuonekana karibu na Sydney, na malundo ya makombe yaliyochomwa kwa wingi yalikuwa yale yaliyoachwa na wenyeji pwani katika maelfu ya miaka ya kula kwao; msomaji wa Lamu au Unguja, ajuaye tanuri la matumbawe, ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Paa liliezekwa kwa vigae vya mbao. Katika mwaka wa 1794 bwana shamba aliweza kuandika kwao kwamba ana mbuzi 130 na nguruwe zaidi ya 100, na ngano, mahindi na viazi ardhini. Wengi wa walimaji na wachungaji walikuwa wafungwa waliotolewa Uingereza na Ireland kwa makosa makubwa na madogo, nao pia hawakupata mahali katika hati.

Elizabeth alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Bridgerule, jimbo la Devon, jina lake la ukoo Veale, binti wa mkulima. Baba alimfia angali mdogo, akalelewa kwa sehemu katika nyumba ya kasisi wa kijiji, Kingdon, akapata elimu iliyozidi ya wasichana wengi wa hali yake. Aliolewa na Macarthur mwaka 1788, na mwisho wa 1789 wakapanda merikebu iitwayo Neptune katika msafara wa pili wa wafungwa, pamoja na mtoto wao Edward aliyekuwa hajatimiza mwaka. Safari ile ni miongoni mwa zilizo mbaya sana katika tarikhi ya bahari ya Waingereza. Wafungwa walifungwa minyororo katika maji ya ngama, chakula chao kikaibwa, wakafa kwa zaidi ya mia na hamsini katika merikebu hiyo moja. Macarthur aligombana na manahodha, na aila ikahamishiwa merikebu nyingine, Scarborough, katikati ya bahari. Elizabeth alijifungua njiani, na mtoto hakuishi. Waliposhuka Sydney mwezi wa Juni 1790 yeye alikuwa mwanamke wa kwanza katika koloni mwenye elimu na daraja ya kibibi asiye mke wa kasisi, na barua alizowaandikia watu wa Devon zimekuwa hazina kwa waandishi wa tarikhi, kwa kuwa alikuwa na macho yaonayo na kalamu isiyo na chuki.

Mumewe hakukaa. Mwaka 1801 aliagana na mkubwa wake, Kanali William Paterson, wapigane kwa bastola ana kwa ana, akamjeruhi, na Gavana King akampeleka Uingereza akahukumiwe huko. Akarejea mwaka 1805, amejitoa katika jeshi, ana kondoo wa merino kutoka katika kundi la mfalme, na amri ya kupewa ekari 5,000 za malisho katika nchi ya Camden. Kisha, tarehe 26 Januari 1808, maafisa wa kikosi walimpindua Gavana William Bligh, na mchochezi mkuu wa mapinduzi hayo alikuwa Macarthur. Mwaka 1809 akaondoka tena, na kwa kuwa gavana mpya alikuwa na amri ya kumkamata, hakuthubutu kurudi hata 1817. Kwa jumla mume alikuwa ghaibu miaka kumi na miwili katika kipindi ambacho shamba lilikuwa likijengwa, na kazi yote ikamwangukia mkewe.

Hapa ndipo penye kiini cha habari, na hapa nitakawia. Alikuwa na watoto wa kulea, wengine wakiwa kwake na wengine wamepelekwa na baba yao masomoni Uingereza, mwendo wa miezi mitano au sita baharini. Alikuwa na wafungwa wa kusimamiwa, na manokoa wa kuajiri na kuachisha. Usiku mmoja wa Machi 1804, wafungwa wa Ireland walipoasi Castle Hill na habari ikafika kwamba wanaelekea Parramatta, aliwapakia watoto katika mashua na kuteremka mto gizani mpaka Sydney. Alikuwa na makundi ya kondoo Parramatta, na mengine Camden, mwendo wa siku kwa farasi, na ilimpasa kuamua dume lipi lipandishwe kwa majike yapi, kondoo yupi achinjwe na yupi aachwe kwa manyoya, wakati gani wakatwe, na jinsi gani manyoya yaoshwe, yachaguliwe na kufungwa marobota yasiyoharibika katika joto la Ikweta. Watu wa viwanda vya Uingereza walikuwa wakinunua manyoya ya merino Uhispania na Ujerumani; hawakuwa na haja ya manyoya machafu kutoka mwisho wa dunia, na sifa ya manyoya ya New South Wales ilijengwa robota kwa robota katika miaka hiyo. Gavana Macquarie, ambaye hakuwa rafiki wa mumewe, alitoa mwaka 1816 ekari 600 nyingine karibu na shamba kwa kutambua juhudi yake katika kilimo. Lakini nishani mbili za dhahabu zilizotolewa London mwaka 1822 kwa ajili ya manyoya hayo alipewa John. Na Australia ilipotoa noti zake mpya za dola mwaka 1966, aliyechorwa katika noti ya dola mbili pamoja na kondoo dume alikuwa John.

Sheria ya Kiingereza ya wakati huo ndiyo iliyoyafanya haya yawe ya kawaida. Mwanamke akisha kuolewa, nafsi yake ya kisheria ilizama katika ya mumewe: mali yake ilikuwa mkononi mwa mume, ujira wake ulikuwa wa mume, na hakuweza kutia saini mkataba kwa jina lake mwenyewe. Katika mwambao wetu, miaka hiyo hiyo, mwanamke wa Kiislamu alirithi fungu lake lililotajwa katika Kurani, akalimiliki, akaliuza au kuliweka wakfu pasipo idhini ya mume. Sayyida Salme wa Unguja, baba yake Sayyid Said alipokufa mwaka 1856, alipata fungu lake la urithi ilhali angali mtoto, na mashamba yake yakawa yake. Sisemi kwamba wanawake wa mwambao walikuwa na raha kamili, wala kwamba mashamba ya karafuu yalilimwa na watu huru. Nasema tu kwamba kwa habari ya hati, mke wa tajiri mkubwa wa Sydney alikuwa nyuma ya bibi wa kawaida wa Mombasa mwenye minazi yake mitano. Koloni la New South Wales lilianza kuwafungulia wanawake walioolewa njia ya kumiliki mali kwa sheria ya mwaka 1879, tena kwa kiasi, na hawakupata haki kamili mpaka 1893.

Waburramattagal nao hawakuwa wametoweka katika miaka hii. Vita vilivyoongozwa na Pemulwuy, mkuu wa wapiganaji wa wenyeji, vilifika hata ndani ya mji wa Parramatta mwaka 1797, na yeye mwenyewe akauawa mwaka 1802. Ajabu ni kwamba mwanawe, Tjedboro, alikuwa akija nyumbani kwa Macarthur na kupokewa. Na katika fitina za mwaka 1808, aliposikia kwamba Macarthur ametiwa mbaroni, alikuja na mkuki wake, yu tayari kumtetea. Naliona tukio hilo kuwa la kuhuzunisha kuliko mapigano yenyewe, maana kijana yule alikuwa anamtetea kwa uaminifu mtu aliyekalia ardhi ya watu wake, na sioni popote katika maandishi ya mtu huyo yaliyosalia panapoonyesha kwamba aliwahi kufikiri hivyo.

Mwisho wa John ulikuwa mchungu. Akili yake ilianza kumtoka. Akamtuhumu mkewe kwa mambo yasiyo na msingi, akawafukuza binti zake nyumbani, na mwaka 1832 mahakama ikatamka kwamba hana akili timamu. Wanawe walimhamishia Camden, na huko akafa mwezi wa Aprili 1834. Elizabeth alirudi katika nyumba yake kando ya mto, akaishi humo muda mwingi wa miaka yake iliyobaki, mpaka alipofariki Februari 1850 huko Watsons Bay, penye mdomo wa bandari, akiwa na umri wa miaka 83. Lakini nyumba aliyoishi haikuwa yake. Mwenyewe alikuwa Edward, yule mtoto aliyepakiwa Neptune, ambaye alikuwa ametumia karibu umri wake wote katika jeshi la Uingereza. Baadaye Edward alikuja kuwa jenerali mwenye amri ya majeshi ya Australia, na kwa muda akashika madaraka ya gavana katika koloni la Victoria, lakini hakuwa mkulima, naye alifia London mwaka 1872 bila kuacha mtoto. Kwa hiyo milki ikamfikia mpwa wake, Elizabeth Onslow, binti wa James, aliyezaliwa Camden mwaka 1840 na kuolewa na Kapteni Arthur Onslow wa jeshi la wanamaji.

Tangu miaka ya 1850 nyumba ilikuwa imepangishwa. Wapangaji huja na kuondoka, na hakuna anayetengeneza paa la nyumba isiyo yake. Fensi zikalegea, bustani iliyokuwa na mzaituni na matunda ya Ulaya ikaota majani. Bibi Onslow mapenzi yake yalikuwa Camden, shamba kubwa la pili la ukoo, alikokulia. Yeye si mtu wa kudharauliwa: baada ya kufiwa na mumewe Januari 1882 alikwenda Ulaya kujifunza utengenezaji wa siagi na maziwa, akarudi na kulibadilisha shamba la Camden kuwa la ng'ombe wa maziwa, akawagawia wakulima sehemu za kulima kwa ushirika. Lakini Parramatta hakuwahi kuwa nyumbani kwake, na pauni 50,000 zingeweza kuyabeba mengi.

Ni nini kilichomleta mnunuzi? Ni reli kwanza. Njia ya chuma kutoka Sydney ilifika karibu na Parramatta Septemba 1855, ikiwa ya kwanza katika koloni, na safari iliyokuwa ya nusu siku kwa mashua ikawa ya saa moja. Kisha watu. Dhahabu iliyoonekana mwaka 1851 iliwaita wageni kwa maelfu, na dhahabu ilipopungua wageni hawakurudi kwao. Sydney na vitongoji vyake vilikuwa na watu takriban 225,000 mwaka 1881. Miaka kumi baadaye walizidi 380,000. Kila fundi seremala na karani alitaka kiwanja chake chenye nyumba ya matofali na kipande cha bustani nyuma, na benki pamoja na vyama vya akiba ya ujenzi vilikuwa tayari kumkopesha. Katika hali hiyo ekari 1,000 za ng'ombe na majani, karibu na stesheni, zilikuwa na thamani zaidi zikikatwakatwa kuliko zikibaki nzima, na wakili Stephen alilijua hilo vizuri.

Ukataji wenyewe ulikuwa na utaratibu wake. Mpima ardhi alikuja kwanza na minyororo na vigingi vyake, akachora barabara zilizonyooka juu ya vijia vilivyopinda, kisha akavigawa vitalu kuwa viwanja vyenye nambari. Mchapaji alitoa ramani kubwa za rangi, zimepambwa kwa herufi za kuvutia, zenye kutaja stesheni iliyo karibu, uzuri wa hewa na wepesi wa masharti: arbuni kidogo siku ya mnada, na baki kwa mafungu ya miaka kadhaa. Siku ya Jumamosi dalali alisimamisha hema uwanjani. Mara nyingi nauli ya treni ilikuwa bure kwa mwenye nia ya kununua, na chakula cha mchana pia, pamoja na kinywaji, kwa kuwa madalali wa Sydney walijua mtu aliyeshiba hupandisha bei kwa moyo mkunjufu. Nyundo ikigonga, kiwanja kimekwenda. Hivyo ndivyo mashamba ya zamani ya Sydney yalivyogeuka vitongoji, na Elizabeth Farm haikuachwa nyuma. Katika ardhi yake vikatokea Rosehill na Camellia, na sehemu za vitongoji jirani, na mwaka 1885 uwanja wa mbio za farasi ukafunguliwa Rosehill, ambapo farasi wanakimbia hata leo.

Jambo jingine lililoirahisisha biashara hii lilikuwa sheria ya usajili. Kwa sheria kongwe ya Kiingereza, mwenye kuuza ardhi alitakiwa atoe mnyororo wa hati zote za nyuma, na wakili wa mnunuzi azichunguze moja baada ya moja, kwa ada isiyo ndogo, akihofu kwamba hati moja mbovu huko nyuma itabomoa zote. Robert Richard Torrens, aliyekuwa mkuu wa forodha huko Adelaide, aliona kwamba merikebu husajiliwa katika daftari, na anayeandikwa ndiye mwenyewe, basi kwa nini ardhi isiwe hivyo? Sheria yake ikapita Australia Kusini mwaka 1858, na New South Wales ikaifuata kwa sheria ya 1862. Tangu hapo aliyenunua ardhi iliyosajiliwa hivyo hakuhitaji kujua asili yake. Daftari la serikali ndilo shahada ya mwisho. Mfumo huo ulisafiri na bendera ya Kiingereza mpaka kwetu. Kenya iliupokea katika sheria ya usajili wa hati ya mwaka 1919, na kabla yake sheria ya 1908 ilikuwa imewataka watu wa ukanda wa pwani walete madai yao ya ardhi mbele ya maafisa ili yaandikwe. Mwenye wakili na vikaratasi aliandikwa. Asiyejua kwamba anatakiwa kudai kitu alichokuwa nacho tangu babu yake, ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya serikali, na watoto wake wakaja kuitwa maskwota palepale walipozaliwa; Malindi na Kilifi wanaijua habari hiyo vizuri zaidi yangu.

Neema ya ardhi haikudumu. Mwaka 1893 benki nyingi za Australia zilifunga milango yake, bei za viwanja zikaanguka, na mafundi waliolipa arbuni wakapoteza arbuni na kiwanja. Ile nyumba ya mwaka 1793, ikiwa imebaki na ekari chache tu za bustani kuizunguka, ilishuka kutoka mpangaji mmoja hata mwingine, mpaka mwaka 1904 ilipouzwa pamoja na ekari sita kwa pauni 600 tu, nayo hali yake ni gofu. Walioijua bei hiyo walisema kilicholipiwa ni ardhi, nyumba haikuhesabiwa kitu. Mnunuzi alikuwa William Swann, na aila yake iliitengeneza kwa taratibu, ikaishi humo miaka zaidi ya 60 na kukataa kuivunja, wakati majirani wote walikuwa wakivunja. Sina budi kuwashukuru watu hao, maana bila ukaidi wao tusingekuwa na kitu cha kutazama. Mwaka 1968 waliiuza kwa amana iliyoundwa kuihifadhi, baadaye ikapita mikononi mwa serikali ya New South Wales, na mwaka 1984 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Iko Mtaa wa Alice, kati ya nyumba za kawaida. Wageni huruhusiwa kuketi katika viti na kushika vitabu na vyombo, kwa kuwa vingi ni nakala, na vigae vya kale vya mbao vingali chini ya paa la sasa.

Kuhusu wenyeji, sheria ilibadilika tarehe 3 Juni 1992, pale Mahakama Kuu ya Australia katika shauri la Mabo ilipokiri kwamba wenyeji walikuwa na haki katika ardhi yao kabla ya Waingereza, na kwamba haki hiyo haikufutika kwa kupandishwa bendera peke yake. Lakini hukumu hiyo hiyo iliacha mlango: pale ambapo serikali ilikwisha mpa mtu ardhi kwa hati ya milki kamili, haki ya wenyeji imekufa, na mwaka 1998, katika shauri la watu wa Larrakia karibu na Darwin, mahakama ikaongeza kwamba haki iliyokufa hivyo haifufuki hata kama ardhi yenyewe itairudia serikali. Ardhi ya Parramatta ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutolewa kwa hati katika bara lile, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa zile ambazo Wadarug wana njia nyembamba sana ya kuzidai. Anayenunua kiwanja Rosehill leo hapewi mnyororo wa hati; hupewa nambari katika daftari la Torrens. Akitaka kujua haki yake imeanzia wapi, mawakili watamfuatishia kutoka kwenye mafungu ya wakati wa Stephen mpaka kwa Bibi Onslow, kwa Jenerali Edward, kwa John Macarthur, na mwisho kwa Francis Grose na ekari zake 100 za Februari 1793, wala hawatakwenda nyuma zaidi ya hapo.